Ploti ya Mjini na Mkebe wa Risiti

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo hutajwa sana na wenye maduka, lakini halihusu sukari na mafuta ya taa tu. Lahusu ardhi pia, na hasa kile kipande kidogo ambacho mtu asiye na kitu amejengea chumba chake mjini. Mtu wa shamba akipotewa na karatasi, bado ana kijito, mbuyu wa mpakani na wazee waliomwona babu yake akilima pale. Mtu wa mjini akipotewa na karatasi, mara nyingi hasalii na kitu ila mabati yake, na mabati hung'olewa kwa siku moja.

Habari hizi zamhusu mama mmoja, mshona nguo, akaaye katika mji mdogo kando ya reli katika Makueni. Jina lake halitatajwa, wala jina la mji, kwa kuwa wenye hali kama yake ni wengi, tangu Mtito Andei hata Sultan Hamud, na ng'ambo ya mto Athi katika Kitui vile vile.

Mume wake alikuwa kibarua. Mwaka 1987 alinunua ploti kwa mtu ambaye alikuwa amegawiwa na baraza la wilaya la siku hizo. Bei ililipwa kwa mafungu matatu, na mapatano yakaandikwa kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la shule. Mwuzaji na mnunuzi walitia vidole gumba, na mashahidi wawili wakafanya vivyo hivyo. Hapo pakajengwa vyumba viwili vya matofali ya udongo, na baadaye cha tatu cha kupangisha. Kila mwaka kodi ya ploti ililipwa, na kila risiti ikatiwa katika mkebe wa majani ya chai. Mume alifariki mwaka 2009, na mjane akaendelea kulipa kama kwamba hakuna kilichobadilika. Jambo moja hakuliona, maana hapana aliyemwonyesha: risiti zote, ya kwanza hata ya mwisho, zilikuwa na jina la yule mwuzaji.

Alilijua jambo hilo siku walipofika wapima ardhi mjini. Iliitishwa baraza chini ya miti, na wenyeji wakaambiwa kwamba mtaa wao utapangwa, utapimwa, na kila mwenye ploti ataandikwa ili mwishowe apewe hati ya kumiliki. Watu walipiga makofi. Juma lililofuata kijana mmoja aliteremka kwenye basi, akabisha mlangoni kwa heshima, akasema, "Shikamoo, mama. Mimi ni mwana wa mwenye ploti." Mkononi alikuwa na barua ya kugawiwa, ya zamani, yenye muhuri na jina la baba yake. Alisema baba yake hakuuza, alikodisha tu.

Kabla ya kueleza yaliyofuata, yafaa msomaji akumbuke jinsi ardhi ilivyoshikwa katika Ukambani zamani, kwa sababu bila kujua hayo hawezi kufahamu kwa nini mji humchanganya hata mtu mwenye akili. Wakamba walikuwa na majina ya ardhi kwa kadiri ya matumizi yake. Weu ilikuwa nyika isiyo ya mtu, ambamo kila mmoja aliweza kuchunga, kukata kuni na kutundika mizinga yake. Kisesi kilikuwa malisho ambayo mtu alikuwa ameyashika kwa ajili ya mifugo yake. Na ng'undu ilikuwa ardhi iliyolimwa, mali ya mwenyewe na ya wanawe baada yake. Mtu alianza na weu, na kwa jasho lake akapata ng'undu. Hakukuwa na karatasi, lakini hakukuwa na giza pia. Mpaka ulijulikana na majirani, na likitokea shauri wazee walikaa, wakasikiliza mashahidi, na shauri likishindikana kabisa, watu waliapishwa kithitu, kiapo kilichoogopwa kuliko jela. Kwa kifupi, daftari lilikuwa vichwani mwa watu, na kurasa zake zilikuwa majirani.

Serikali ya kikoloni ilileta daftari la namna nyingine. Sheria ya mwaka 1915 iliihesabu hata ardhi iliyokaliwa na Waafrika kuwa ardhi ya Mfalme wa Uingereza, hivi kwamba mwenyeji alilima kwa fadhili tu. Baadaye, mwaka 1954, ulitolewa mpango wa R. J. M. Swynnerton, afisa wa kilimo, uliotaka mashamba yakusanywe, yapimwe na kuandikishwa, ili mkulima apate moyo wa kuitunza ardhi yake na aweze kukopa kwayo. Kazi hiyo ilianza kwa nguvu katika nchi ya Wakikuyu siku za Hali ya Hatari. Ukambani ilifika nyuma, zaidi kwa sheria ya mwaka 1968 ya kuamua haki za ardhi, na sehemu nyingi za Kitui zilingoja muda mrefu sana.

Mpango huo wote ulikuwa na shamba machoni pake. Mji mdogo haukuwamo. Ardhi ya soko ilitengwa, ikawa chini ya baraza la wilaya kwa amana, na baraza ndilo lililogawa ploti kwa barua. Aliyepewa barua alitakiwa kulipa ada kwa muda uliowekwa na kujenga jengo la namna iliyotajwa. Wengi hawakuwa na fedha za kujenga hivyo, wakauza ploti kwa siri, au wakakata kipande wakauza, au wakapangisha. Hivyo miji ikajaa watu wanaokaa kwa haki ya kweli mbele ya majirani zao, lakini ambao jina lao halimo katika jalada lolote. Na majalada yenyewe yalisafiri. Makueni ilitengwa na Machakos ikawa wilaya mwaka 1992. Kisha mwaka 2013 mabaraza ya wilaya yakaisha na serikali za kaunti zikarithi kazi na vitabu vyao. Kila ofisi inapohama, karatasi za maskini ndizo za kwanza kuanguka njiani.

Basi nini nguvu ya barua ya kugawiwa? Watu wengi hudhani ni sawa na hati ya kumiliki. Sivyo. Barua hiyo ni ahadi yenye masharti. Anayeipokea asipoyatimiza, hapati kitu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri la kampuni iitwayo Torino Enterprises, iliamua wazi kwamba barua ya kugawiwa peke yake haiwezi kumpa mtu milki ya ardhi. Uamuzi huo ulihusu ardhi ya thamani kubwa jijini Nairobi, lakini neno lake lafika hata kwenye chumba cha mshona nguo, nalo ni upanga wenye makali mawili. Lamwambia yule kijana kwamba karatasi yake si mwisho wa shauri. Lakini lamwambia mama pia kwamba mume wake alinunua kitu ambacho mwuzaji mwenyewe alikuwa bado hajakipata kwa ukamilifu.

Kuna jambo la pili ambalo watu wa mijini hulikosea. Husikika mara kwa mara kwamba mtu akikaa mahali miaka 12 bila kufukuzwa, pamekuwa pake. Maneno hayo yana ukweli juu ya ardhi ya mtu binafsi, ikiwa amekaa wazi wazi bila idhini ya mwenyewe, na mahakama ikakubali. Lakini juu ya ardhi ya umma hayafai kitu. Anayekaa kwenye hifadhi ya barabara au ardhi ya reli aweza kukaa miaka 50, na saa ya sheria isisogee hata dakika moja. Ndiyo maana swali la kwanza kwa kila mkazi wa mtaa usiopimwa si "nimekaa miaka mingapi?" bali "ardhi hii ni ya nani?" Katiba ya mwaka 2010 yagawa ardhi yote ya Kenya mafungu matatu: ya umma, ya jamii, na ya watu binafsi. Asiyejua fungu lake hajui hata mlango wa kubisha.

Hata hivyo asiye na hati si mtu wa kutupwa nje kama takataka. Tangu sheria za ardhi zilipotengenezwa upya mwaka 2016, anayekaa bila haki hutakiwa apewe notisi ya maandishi ya miezi mitatu au zaidi kabla ya kuondolewa. Wengi waliobomolewa usiku hawakulijua hilo, na baadhi ya waliobomoa hawakutaka lijulikane.

Sasa turudi kwa mama. Alipomsikia yule kijana, hakugombana. Alimpa kiti na maji ya kunywa, kisha akaenda kwa mzee wa mtaa. Mashahidi wawili wa mwaka 1987, mmoja alikuwa amekwisha kufa. Wa pili alikuwa angali hai, mwuza kuku sokoni, mzee wa miaka themanini na zaidi. Siku ya kuhakikisha orodha, ploti ile ilipofikiwa, watu walisimama mbele yake: mama, kijana, karani wa kazi ile, mzee wa mtaa na majirani wa pande zote nne. Yule mwuza kuku alionyeshwa ile karatasi ya daftari la shule. Aliitazama kwa muda, akaweka kidole gumba chake juu ya alama ya wino, akasema, "Hiki ni changu. Na baba yako, mwanangu, alihesabu fedha zake juu ya gunia la mahindi, pale kwenye duka la Mhindi. Mimi nilishika taa." Jirani wa kaskazini akaongeza kwamba hajamwona mtu mwingine akijenga wala akitengeneza paa hapo tangu yeye ahamie. Kijana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameikuta barua katika sanduku la marehemu baba yake akaamini alichokisoma. Alinyamaza, kisha akaomba nakala ya ile karatasi ili akawaonyeshe ndugu zake, akapewa.

Ingekuwa vema habari ziishie hapo, lakini zilikuwa na mafundo mawili zaidi.

La kwanza lilikuwa jina. Karani alipoinua kalamu, aliuliza mwana wa kwanza wa kiume aitwa nani. Haukuwa ubaya, ni mazoea ya mkono. Mama alikuwa na mwana, tena mwana mwema, afanyaye kazi Mombasa. Akajibu, "Mwanangu ana jina lake na siku yake. Ploti hii nimeilipia mimi, niandike mimi." Karani akamweleza kwamba ni lazima alete cheti cha kifo cha mume, na barua ya mahakama ya kusimamia mirathi. Lilikuwa neno la haki, maana Sheria ya Urithi, itumikayo tangu mwaka 1981, yampa mjane kukaa na kutumia mali isiyohamishika maisha yake, na watoto wote, wake kwa waume, wakairithi baadaye. Lakini haki hiyo hutembea kwa miguu ya karatasi. Kwa mama huyu kupata barua ile kulikuwa kazi ya miezi, nauli nyingi, na siku nyingi za cherehani kukaa kimya. Wajane wengi huishia njiani hapo, na si kwa sababu sheria imewanyima.

Fundo la pili lilimhusu mtu aliyekuwa kimya muda wote huo. Katika chumba cha tatu alikaa mpangaji, mwuza maji kwa mkokoteni, pamoja na mke na watoto wawili. Alikuwa amepanga miaka minane. Karani alipouliza kama yuko mpangaji, mama alisita. Aliogopa kwamba yule mtu akiandikwa atadai ploti. Mzee wa mtaa akamwambia kwa upole, "Mama, wewe nawe jana ulikuwa mtu asiye katika kitabu." Mpangaji akaandikwa, kwa jina lake, kuwa mpangaji.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo hili, na watu wa serikali na wa mashirika waliangalie. Maskini wa mjini walio wengi hawana ploti hata ya karatasi ya daftari la shule. Wao ni wapangaji. Hati inapotoka, mtaa hupanda thamani. Barabara hunyoshwa, maji huletwa, na kodi ya chumba huongezwa. Aliyekuwa akilipa kidogo hulazimika kuhama aanze upya katika mtaa mwingine usiopimwa. Hata mwenye hati mwenyewe hufuatwa na wanunuzi wenye magari, akauza kwa bei iliyoonekana kubwa asubuhi na ndogo jioni. Kwa hiyo hati yaweza kuulinda mtaa, na yaweza kuufuta, kwa kadiri ya jinsi ilivyotengenezwa.

Wako waliokwisha kulifikiri. Kwa kufuata reli hiyo hiyo kutoka Mtito Andei kwenda pwani, mtu hufika Voi. Huko, miaka ya 1990, wakazi wa mtaa wa Tanzania-Bondeni, waliokuwa wamekaa kwenye ardhi isiyo yao, walichagua njia ngeni: ardhi ishikwe kwa pamoja na chama cha wakazi, na nyumba iwe mali ya kila mtu. Anayeondoka aweza kuuza nyumba yake, si ardhi. Shabaha ilikuwa kwamba tajiri asije akanunua mtaa kipande kwa kipande. Njia hiyo ilihitaji mikutano mingi na uvumilivu, wala sheria za wakati huo hazikuwa zimeshonwa kwa kipimo chake.

Katika Dar es Salaam njia ilikuwa nyingine. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, watu wa mitaa isiyopimwa walianza kupewa leseni za makazi kuanzia mwaka 2004, za muda mfupi na kwa ada ndogo. Zilitolewa kwa wepesi kuliko hati kamili, lakini si wote waliorudi kuzihuisha muda ulipokwisha. Leseni ni bora kuliko kukosa kitu, lakini yataka kumwagiliwa kama mche.

Kitui nao haukuachwa. Mradi wa Kuboresha Makazi Duni, uitwao KISIP, ulioanza mwaka 2011 kwa msaada wa Benki ya Dunia na wengine, uliuhesabu mji wa Kitui katika miji 15 ya awamu yake ya kwanza. Katika kazi za namna hiyo, hatua zilizo muhimu zaidi hutangulia mpimaji: kuhesabu watu nyumba kwa nyumba, kuwaandika, na kuibandika orodha mahali pa wazi ili kila mwenye neno aseme. Wakazi wengi huziona hatua hizo kuwa kupoteza wakati, wakangoja mawe ya mpaka. Lakini mpimaji hupima alichoonyeshwa. Kama orodha ina uongo, jiwe litauthibitisha uongo kwa saruji.

Zamani uongo wa namna hiyo ulikuwa hatari kupita kiasi, maana chini ya sheria ya mwaka 1963 aliyeandikishwa kwanza alikuwa karibu hang'oki, hata kama alidanganya. Sheria ya mwaka 2012 ilibadili jambo hilo: hati iliyopatikana kwa hila au nje ya utaratibu yaweza kuvunjwa. Lakini kuivunja hati mahakamani ni safari ya miaka, na mshona nguo hana wakili. Kumpinga mtu mbele ya orodha hakugharimu ila kusimama na kusema.

Basi wasomaji wenye ploti, au wenye wazazi katika miji hiyo midogo, na wafanye mambo machache wakati ungalipo. Watazame risiti zao leo, jina ni la nani. Wafanye nakala za karatasi za mauziano na kuziweka nyumba mbili tofauti, kwa sababu mchwa hawachagui. Waende kwa mashahidi wangali hai, wakaandike maneno yao na kuyaapia mbele ya wakili au hakimu. Wake waandikwe pamoja na waume, maana tangu mwaka 2013 sheria ya mali ya ndoa hairuhusu mmoja auze bila ridhaa ya mwenziwe. Na orodha ikibandikwa, aende kila mtu akaisome. Asiyejua kusoma aende na mtoto wa shule.

Yule mama hajapata hati bado. Barua ya mahakama ameipata, na katika orodha lipo jina lake, na chini yake jina la mwuza maji. Nakala ya orodha hiyo ameitia katika mkebe wa majani ya chai, juu ya zile risiti za miaka yote. Yule mwuza kuku alifariki msimu wa mvua uliofuata. Maneno yake yalikuwa yamekwisha kuandikwa.